Binti yangu anasema mkaa ni bora kuliko gesi. Nimsikilize?

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Mbagala na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Miaka yote tunapikia mkaa. Sasa mkaa wa kupima unanimaliza: siku ya kawaida natumia wa shilingi 3,000, siku ya maharage au makande unafika wa 4,000. Nilitaka kununua mtungi wa gesi wa kilo 6, mtaani kwetu kuujaza ni 25,000, lakini binti yangu wa kidato cha nne ananipinga. Anasema wamefundishwa kwamba gesi ni nishati ya kisukuku inayoharibu tabianchi, ila mkaa unatokana na miti na miti huota tena, kwa hiyo mkaa ndio rafiki wa mazingira. Mama mkwe anaogopa mtungi utalipuka, na anasema maharage ya gesi hayaivi sawasawa. Jirani ananishauri sufuria la umeme la presha, mume wangu anasema litakula LUKU yote. Kuna na kijana anapitisha makaa mbadala, anasema hayakati mti. Nataka kufanya jambo la maana kwa mazingira, lakini mfuko wangu ndio huu huu. Nianzie wapi?"

Dada yangu, umeuliza maswali matano kwa mpigo, na kila aliyekushauri ana kipande cha ukweli mkononi. Lakini aliyelenga penyewe ni jirani. Watu wengi wakitaka kuachana na mkaa huuliza "ninunue jiko gani?" Mimi ningekuomba uulize kwanza "ni sufuria gani linalonimalizia mkaa?" Wewe mwenyewe umeshalijibu bila kujua: ni la maharage na makande. Litoe hilo kwenye mkaa kabla ya kugusa kitu kingine. Mengine yatafuata kadiri mfuko unavyoruhusu.

Nianze na binti, maana hoja yake ni nzuri na wapo watu wazima wengi wanaoiamini. Ni kweli gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, inatoka ardhini. Kila kilo moja ukiichoma inatoa takriban kilo 3 za hewa ya ukaa, ile inayoshika joto na kuharibu tabianchi. Ni kweli pia kwamba mti unapokua huivuta hewa hiyo, na ukichomwa huirudisha, kwa hiyo hesabu inajifunga iwapo mti mwingine umeota pale pale. Tatizo liko kwenye huo "iwapo", na kwenye tanuri.

Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaacha yaungue taratibu kwa siku kadhaa bila hewa ya kutosha. Kwa matanuri yetu ya asili, kilo moja ya mkaa huondoka na kilo 5 hadi 10 za kuni. Zilizobaki zinapanda angani kama moshi, na ndani ya moshi huo mna methani, ambayo hushika joto kuliko hewa ya ukaa mara nyingi. Kwa hiyo kabla gunia halijafika Mbagala, sehemu kubwa ya mti imekwisha kuungua bila kupika chochote.

Mpe binti hesabu hii aifanye mwenyewe kwenye daftari. Jiko la bati la kawaida hufikisha kwenye sufuria kama sehemu moja tu ya tano ya joto la mkaa. Linalobaki hupotea pembeni. Jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu, na kilo ya gesi ina joto mara moja na nusu ya kilo ya mkaa. Ukijumlisha, kilo 1 ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo 4 za mkaa. Tuseme mchoma mkaa ni fundi hodari, anatumia kilo 6 tu za kuni kwa kilo ya mkaa. Kilo 4 za mkaa zitakuwa zimekula kilo 24 za kuni. Nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, yaani kilo 12, na kila kilo ya kaboni ikiungua inatoa kilo 3.67 za hewa ya ukaa. Jumla kilo 44. Sasa tumwachie binti kwamba robo tatu ya miti hiyo inaota tena bila shida. Zinabaki 11. Gesi ilitoa 3, ongeza kidogo kwa ajili ya kiwanda na meli, bado haifiki nusu.

Kama miti yote ingeota tena, hoja ya binti ingekuwa na nguvu zaidi, ingawa methani ya tanuri ingebaki. Miti ya miombo huchipua vizuri kutoka kwenye visiki ikiachwa ipumzike. Kuna vijiji vya Kilosa vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu, ambako sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vitalu vinavyovunwa kwa mzunguko wa miaka 24, kitalu kimoja kikikatwa cha jirani yake kikiachwa. Mkaa wa namna hiyo nautetea. Ila mkaa mwingi unaoingia Dar es Salaam kutoka Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi haukuvunwa hivyo, na kopo la dukani halina kibandiko cha kukuambia. Mara nyingi baada ya mkaa hufuata shamba au moto wa kila mwaka, na kisiki hakipewi nafasi. Kwa hiyo mwambie binti kanuni aliyofundishwa ni sahihi, ila mkaa wa kwenu hauitimizi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na mimi silipiti. Mkaa hauna moshi mwingi, ndiyo maana tunauona msafi kuliko kuni na mvua ikinyesha tunaliingiza jiko ndani. Lakini mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na damu ikishajaa hiyo haibebi tena hewa ya kutosha. Mtu huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Watu wamekufa vyumbani wakiwa wamelala na jiko la mkaa waliloliingiza kwa ajili ya baridi. Hata kama hutabadilisha chochote mwaka huu, jiko la mkaa lisilale ndani, hata likiwa na makaa machache yanayofifia. Hata hapo hewa hiyo huendelea kutoka na wewe unadhani moto umekwisha.

Sasa sufuria la maharage. Tazama kinachotokea jikoni kwako siku hiyo. Maji yakishachemka, joto lake halizidi nyuzi 100, uweke mkaa kidogo au ulijaze jiko mpaka pomoni. Moto mkali unaongeza mvuke tu. Maharage yanalainika kwa nyuzi zile zile 100, kwa saa mbili au tatu, na muda wote huo unalipia mvuke unaotoka kwenye kifuniko. Sufuria la presha linaufungia mvuke huo ndani, presha inapanda, na maji yanafika nyuzi 115 hadi 120 kabla ya kuchemka. Kwa joto hilo maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa dakika 30 hivi mara presha ikishapanda, makavu huenda yakafika saa moja, kutegemea aina na umri wake. Magadi huyahitaji tena, na hiyo ni faida nyingine kwa sababu magadi hupunguza baadhi ya vitamini.

Mumeo ana haki ya kuogopa, maana nadhani amesoma kibandiko kilichoandikwa wati 1,000 akapiga hesabu ya jiko la sahani. Jiko la sahani huvuta umeme karibu muda wote na sehemu ya joto lake inakwenda hewani. Sufuria la presha la umeme huvuta wati hizo mwanzoni tu hadi presha ipande, kisha hujizima na kujiwasha lenyewe kwa vipindi vifupi tu, kwa sababu limefungwa na kuta zake zinazuia joto lisitoke. Kilo moja ya maharage kwa kawaida haivuki uniti moja, mara nyingi ni nusu na ushee. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, shilingi 1,000 inakupa takriban uniti 2.8. Maana yake sufuria la maharage litakula shilingi 200 hadi 350. Leo, tofauti tu kati ya siku yako ya kawaida na siku ya maharage ni 1,000, na hapo bado hatujahesabu mkaa wa msingi.

Kuna mtego mmoja. Angalia mpo daraja gani la LUKU. Kama shilingi 1,000 inakupa uniti 8 na kidogo, mpo kwenye daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Mkivuka hapo mnaweza kuhamishwa, na bei inakuwa karibu mara tatu. Maharage mara tatu kwa wiki yataongeza kama uniti 10 kwa mwezi. Jumlisha na matumizi yenu ya sasa kabla ya kununua. Mkiwa kwenye 50 hakuna neno. Mkiwa kwenye 70, kaeni na mumeo mwamue, maana hapo hoja yake inakuwa na uzito kweli.

Kuhusu usafi wa umeme wenyewe, binti ataridhika kwa kiasi, maana gesi asilia nayo ni ya kisukuku. Umeme wetu mwingi sasa unatokana na maji na gesi asilia, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina uwezo wa megawati 2,115.

Ukilinunua, usilijaze. Kwa maharage, kunde na chochote kinachovimba, ishia nusu ya sufuria, kwa sababu povu likipanda huziba tundu la kutolea mvuke. Weka kijiko cha mafuta, povu litapungua. Usilazimishe kifuniko, kikigoma kufunguka bado kuna presha, subiri. Na tui la nazi, tafadhali, litie baada ya kufungua. Ukiliweka mwanzo linakatika na unabaki na mafuta yanayoelea juu, halafu mama mkwe atasema "si nilisema?" Chemsha maharage kwenye presha, fungua, tia tui zito, acha lichemke taratibu bila kifuniko.

Mama mkwe kwa kweli hajakosea sana kuhusu maharage ya gesi. Moto wa gesi unaivisha sawa na mkaa, maji ni yale yale. Kinachotokea ni kwamba mtu akikumbuka gesi inaisha anaepua mapema, mkaa tunauacha unajimalizia. Ndiyo maana sikushauri upeleke maharage kwenye gesi. Gesi ipe chai, mayai, mboga za majani, samaki wa kukaanga, ugali, kupasha kiporo: vitu vinavyotaka moto wa mara moja na kuzima mara moja. Mkaa wa kuchemshia chai ya asubuhi ni hasara kubwa, nusu saa ya kuukoleza kwa dakika 10 za kupika.

Mlipuko nao tuuseme ulivyo. Mtungi mzima uliokaa wima haulipuki wenyewe. Kinachounguza nyumba ni gesi iliyovuja ikajikusanya, kisha ikakutana na cheche. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka sakafuni na kutulia huko, kwenye kona, chini ya kitanda. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Panatakiwa nafasi ya hewa chini, mlango ulio wazi kwa mfano. Gesi yenyewe haina harufu, ile harufu kali huongezwa kiwandani ili ikushtue. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango, toa watu nje, usiwashe wala kuzima swichi ya taa, na simu ipigie nje. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa viputo, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi wa mtaa anafanya hivyo mbele yako.

Ila kwa familia ya watu saba, mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kukaa juu yake siupendi. Sufuria kubwa la ugali juu ya mtungi mwembamba, mtu anasonga kwa nguvu, mtoto anapita: hapo ndipo ajali ilipo. Ukiweza, ngoja upate mtungi wa kilo 15 wenye regyuleta na mpira, jiko lake liwe mezani au kwenye kitako imara. Ukilazimika kuanza na wa kilo 6, upikie sufuria ndogo tu, ugali ubaki kwenye mkaa kwa sasa. Na kila ukijaza, dai upimiwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ongeza 6 au 15, upate jumla inayotakiwa kusomeka.

Kwa bei ulizoniandikia, ukipika maharage au makande mara tatu kwa wiki mkaa unakula laki moja na ushee kwa mwezi. Kazi yote hiyo ikihamia gesi tupu, nakadiria mitungi mitatu ya kilo 6, yaani 75,000, pengine minne kama watoto wanachezea moto. Nafuu ipo lakini si ya kuruka nayo. Ukiondoa maharage, makande na supu ukazipeleka kwenye presha ya umeme, mitungi miwili inaweza kutosha. Kikwazo ni fedha ya mwanzo, na hapo sina dawa zaidi ya kukushauri uulize ofisi ya TANESCO ya wilaya na kikoba chako kama kuna utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Sufuria la bei ya kutupa lisilo na valvu ya usalama inayoeleweka, liache dukani.

Makaa mbadala sasa. Muulize kijana yametengenezwa kwa nini, na usikubali jibu la "malighafi asilia". Yapo ya vumbi la mkaa na vifuu vya nazi, yapo ya pumba za mpunga, na yapo ya makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Yote hayakati mti, kijana hakudanganyi. Lakini ya makaa ya mawe ni nishati ya kisukuku inayochafua kuliko hata gesi, na kama unachokitafuta ni tabianchi, umeruka majivu ukakanyaga moto. Kwa anayetaka kuokoa msitu tu, yana nafasi yake. Ya vifuu na vumbi la mkaa nayapenda, hasa kwa kazi ya moto mrefu. Nunua kidogo kwanza, yawashe nje, uone yanakolea kwa muda gani na yanaacha majivu kiasi gani. Yakiacha majivu mengi, huenda umeuziwa udongo. Nayo yana kaboni monoksidi kama mkaa, kwa hiyo kanuni ya kutolala nayo ndani ni ile ile.

Kabla hujanunua chochote, yapo ya bure. Funika sufuria. Loweka. Maji yakichemka, funga kimlango cha jiko ubaki na moto mdogo. Ukimaliza kupika, mimina makaa yanayowaka kwenye kopo la bati lenye kifuniko, uliache nje. Yatazima kwa kukosa hewa na kesho yanakungoja. Jiko la bati likichoka, badilisha kwa jiko banifu lenye udongo ndani, linapunguza mkaa kwa theluthi au zaidi likiwa zima. Ufa ukishapita kwenye udongo limekuwa jiko la kawaida la bei ghali. Wali wa nazi wa kupaliliwa makaa juu ya kifuniko pikia mkaa bila kujisikia vibaya. Sijaona jiko linaloweza kazi hiyo vilevile, na mara moja kwa wiki haiangamizi Kilosa.

Mambo matatu usiyaamue kwa kusoma tu. La kwanza ni nyaya. Kabla ya kuchomeka sufuria la wati 1,000, ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aangalie soketi na waya, hasa kama nyumba ni ya kupanga na mnatumia ekstensheni moja kwa televisheni, friji na pasi. Soketi ikipata moto au kunuka plastiki, chomoa siku hiyo hiyo. La pili, harufu ya gesi isiyoisha baada ya kufunga mtungi si ya kujaribia: toka nje na piga 114 kwa Zimamoto, kisha wakala aliyekuuzia. La tatu ni afya. Kama yeyote nyumbani, na mama mkwe hasa ikiwa yeye ndiye hukaa karibu na jiko, anaumwa kichwa kila baada ya kupika, ana kikohozi kisichoisha kwa wiki mbili au zaidi, au mtoto anahema kwa shida, nendeni kituo cha afya na mmwambie daktari mnapikia nini na wapi. Akizimia mtu kwenye chumba chenye jiko, mtoeni nje kwanza, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama ameamka na anasema hajambo.

Kwa mwezi huu, basi: pimeni uniti zenu za LUKU, leteni fundi, na uanze kuweka pembeni ile 1,000 ya kila siku ya maharage kwa ajili ya sufuria. Binti umpe mizani ya duka na wiki mbili za kupima mkaa unaoingia jikoni. Namba zangu nimezikadiria kwa bei uliyonitajia, na zake zitakuwa sahihi zaidi. Mkishazipata, niandikieni tena kabla hujalipia mtungi.